Ile "E" ndani ya namba si herufi

Huku Goma dada moja alinionyesha baze yake (database) ya vipimo vya maji, kolone zote ameweka tekste, nikamuuliza juu ya nini, anasema "lakini kaka, si kuko E ndani, namba haiwezi kuwa na herufi." Batu wengi banaamini vile.

Ile E ni namna ya kuandika tu: E9 ni kusema zidisha na 10 mara tisa. Ziwa Kivu ina kilometa za mraba karibu 2700, njo kusema meta za mraba 2.7E9, na ukiandika 2700000000 ni kintu ile ile, baze haichunge mwandiko, inachunga tamani ya namba. Ukiiweka tekste, jaribu kupanga toka kubwa mpaka ndogo: 9E2 itatangulia 6E10, juu tekste inaangalia alama ya kwanza, na 9 inapita 6, sasa 900 inapita milioni elfu makumi sita, weee!

Kwa vipimo tumia aina ya kolone yenye kuitwa double precision mu programu ya baze PostgreSQL, ao DOUBLE mu MySQL, inafika karibu 1E308 na inashika tarakimu 15 hivi. Aina ya real ya PostgreSQL inashika 6 tu. Lakini franka za batu usizitie mule, juu 0.1 + 0.2 inatoka 0.30000000000000004, pale ni numeric, aina yenye inachunga desimali kamili.

Na namba ya simu yenye inaanza na 243, kodi ya Kongo? Excel inaigeuza 2.43E+11, njo bengine banasema "kumbe ni namba kubwa". Hapana, hakuna mwenye anajumlisha simu, ile njo tekste ya kweli.