Mabati yako yanasema una pesa ngapi?

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za madai ya bima ya afya, yaani malipo ambayo bima huombwa ilipe kwa matibabu ya mwanachama. Nimeifanya kwa miaka tisa hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe harusini au ndani ya matatu, ni hili: "Hawa watu wa bima walijuaje kwamba nilipe kiasi hiki?" Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua. Kuna hesabu iliyokisia. Nataka nieleze inavyokisia, maana ukishaielewa utajua pia pa kuibana inapokosea.

Nianze na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya nchini Kenya, tarehe 1 Oktoba 2024. Kwa aliyeajiriwa mambo ni mepesi: asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, na mchango usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri anakata, basi. Enzi za NHIF makato yalikwenda kwa madaraja, kuanzia shilingi 150 hadi 1,700, na aliyejiajiri alilipa 500 kwa mwezi, awe tajiri awe hohehahe.

Lakini zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga hana hati ya mshahara. Wa bodaboda leo kapata 1,500, kesho mvua imenyesha kutwa na hajapata hata ya mafuta. Sheria ya SHA ya mwaka 2023 na kanuni zake zinataka nao walipe asilimia 2.75 ya mapato ya kaya. Mapato yapi, na nani ameyaona? Hapo ndipo algoriti, yaani hesabu inayofanywa na kompyuta, inapoingia. Mtu anapojisajili anaulizwa kuhusu nyumba na maisha yake: paa ni la nini, ukuta je, maji anayatoa wapi, choo ni cha aina gani, anapikia nini, kaya ina watu wangapi, ana mali gani. Majibu yanaingia kwenye modeli, modeli inakadiria mapato, na mchango unatoka humo.

Modeli za namna hii si ngeni duniani. Chile imekuwa ikitumia ndugu zake kugawa misaada ya serikali tangu miaka ya 1980. Hutengenezwa hivi. Watafiti huchukua maelfu ya kaya ambazo matumizi yao yamepimwa kwa undani, unga kiasi gani, nauli kiasi gani, karo kiasi gani. Kisha hutafuta vitu vinavyoonekana kwa macho ambavyo huendana na matumizi hayo, na kila kitu hupewa uzito wake. Mabati yanapandisha, makuti yanashusha. Gesi inapandisha, kuni zinashusha. Baadaye anayesajiliwa hahitaji tena kupimwa matumizi. Vinahesabiwa vitu vyake tu.

Sasa tumchukue mama wa kubuni, tumwite Kadzo, muuza mahamri pembezoni mwa mji wa Kilifi. Nyumba yake ina mabati, alijengewa na mwanawe alipokuwa kibarua Ghuba. Mkataba wa kijana uliisha miaka mitatu iliyopita, amerudi, anatafuta kazi. Jikoni kuna mtungi wa gesi wa kilo sita ambao bintiye alimletea Krismasi. Uliisha Februari. Umefunikwa kitambaa kwenye kona, na mahamri yanachomwa uani kwa kuni. Akiulizwa kama ana jiko la gesi, Kadzo anajibu ndiyo, kwa sababu analo, na kwa sababu hakulelewa kusema uongo. Modeli inaandika: paa la mabati, jiko la gesi. Anakadiriwa mapato aliyokuwa nayo mwanawe miaka mitatu iliyopita, akiongezewa zawadi ya bintiye.

Na hata kila jibu likiwa sahihi, kuna kasoro iliyo ndani ya hesabu yenyewe, na hii ndiyo ningependa wabunge wetu waielewe kuliko yote. Modeli hizi huvuta kila mtu kuelekea katikati. Zinatafuta mstari unaokaribia kaya nyingi kadiri iwezekanavyo, na kaya nyingi ziko katikati. Aliye chini kabisa hukadiriwa kuwa na zaidi ya alicho nacho. Aliye juu kabisa, mwenye nyumba za kupangisha na akiba isiyoonekana kwenye paa, hukadiriwa pungufu. Hakuna aliyekusudia hivyo, wala hakuna programu mpya itakayoondoa tatizo hilo kwa kuongeza maswali mawili matatu. Kwa ujumla wake makadirio yanaweza kuonekana sawa kabisa, huku maskini wa mwisho akibeba makosa yanayomfaidi tajiri wa kwanza.

Mchango ukimlemea mtu mwenye afya, hafanyi maandamano. Anakaa kando tu, angoje mpaka augue. Majirani zetu wa Tanzania waliliona hili kwenye Toto Afya Kadi, ambapo mzazi alilipa shilingi 50,400 za huko kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 mfuko wao ulisimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, kwa maelezo kwamba wengi waliokuwa wakiletwa walikuwa tayari wagonjwa. Siwalaumu wazazi. Mwenye watoto wanne na pesa ya kadi moja atamkatia yule anayekohoa.

Hiyo ni pesa inayoingia. Pesa inayotoka ndiyo kazi yangu hasa, na hapo nina jambo la kukiri.

Miaka kadhaa nyuma, katika kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, niliandika kanuni ya kompyuta ya kunasa madai yaliyowasilishwa mara mbili. Namba ileile ya mwanachama, tarehe ileile ya kuzaliwa kwa mgonjwa, hospitali ileile, siku ileile, msimbo uleule wa ugonjwa (herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa), kiasi kilekile. Vyote sita vikilingana, dai la pili linakataliwa bila binadamu kulitazama. Jina sikuliweka, kwa kuwa majina huandikwa kwa makosa mengi kaunta. Niliijaribu kwa madai ya mwaka uliotangulia, ikanasa marudio mengi ya kweli. Tukaiwasha.

Wiki ya tatu akaja baba mmoja na bahasha ya kaki. Alikuwa na pacha wachanga, wote wa kike, waliolazwa siku moja kwa homa ya mapafu. Bima ilimlipia mmoja. Wa pili alimlipia mwenyewe, baada ya kuuza pikipiki iliyokuwa inamlisha. Alitoa vitabu viwili vya kliniki, akavipanga mezani sambamba, akaniuliza kwa upole: "Bwana, kati ya hawa wawili, yupi hayupo?"

Watoto wote husajiliwa chini ya namba ya mzazi. Nilikuwa nimewaza kila aina ya udanganyifu, na pacha sikuwawaza. Tulipochimbua tukakuta jozi nyingine kadhaa zilizokataliwa vivyo hivyo, na hakuna hata mzazi mmoja kati ya hao aliyelalamika. Walilipa, wakanyamaza. Kwenye ripoti yangu ya kila wiki wote walikuwa wamehesabiwa kama pesa iliyookolewa.

Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisifu akili mnemba kwamba imenasa madai bandia kwa asilimia 90, naomba karatasi na kalamu. Tuseme kuna madai 10,000, na 200 kati yake ni ya uongo. Mfumo unanasa asilimia 90 ya uongo: 180. Vizuri. Lakini tuseme pia unakosea asilimia 5 tu ya madai ya kweli. Ya kweli ni 9,800, kwa hiyo 490 yananaswa bure. Jumla yaliyonaswa ni 670, na karibu matatu kati ya kila manne ni ya watu wasio na hatia. Mfumo huo unafaa kumwambia mkaguzi aanzie wapi. Kuuachia ukatae wenyewe ni dhuluma.

Udanganyifu upo, sitaki nionekane nautetea. SHA hulipa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Tofauti hiyo ya 20,000 ni kishawishi, na njia moja ya kumbaini mwizi ni kulinganisha kiwango cha upasuaji cha hospitali na cha majirani zake. Ila katika eneo lenye chumba kimoja tu cha upasuaji, kila mama mwenye uchungu uliokwama hupelekwa huko. Kiwango chake lazima kiwe juu. Mashine inaiona hospitali hiyo kama mwizi, hasa kwa sababu inafanya kazi iliyowashinda wengine.

Kosa la msingi ni lilelile la mabati: kupima kitu kimoja kwa kutazama kingine. Mfano unaojulikana zaidi umetoka Marekani. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha uchunguzi katika jarida la Science kuhusu algoriti iliyochagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilipima ugonjwa kwa gharama zilizokwisha kutumika. Kwa kuwa pesa iliyotumika kwa wagonjwa weusi ilikuwa ndogo hata walipokuwa wagonjwa sawa na weupe, iliwahesabu kuwa wana nafuu. Watafiti walikokotoa kwamba upendeleo huo ukiondolewa, sehemu ya weusi kati ya wanaoteuliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Rangi haikuwa hata mojawapo ya vitu ilivyolishwa.

Kwa hiyo ufanye nini dai lako likikataliwa? Usiishie kwa keshia. Omba sababu kwa maandishi, kisha omba uone msimbo wa ugonjwa uliotumwa. Mara nyingi mno nimekuta mtu aliyetibiwa kisukari ameandikiwa ugonjwa mwingine kabisa kwa kuteleza kwa kidole. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa za uongo au za kupotosha. Kifungu cha 35 kinahusu uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake: unapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na unaweza kudai ufikiriwe upya bila kuachiwa mashine. Wakikupuuza, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko. Andika barua fupi, taja namba ya dai na tarehe, ambatisha nakala ya kadi ya kliniki, na nakala moja ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.