Mkanda ukisuasua, dhahabu inabaki kwenye jiwe

Wengi wanaofuatilia dhahabu ya Handeni, mkoani Tanga, huona mkanda wa kubeba mawe ni shauri la fundi tu: ukikatika unaungwa, tani zilizopotea zinafidiwa usiku. Si kweli. Pale mawe yaliyopondwa yanaporundikwa na kunyunyiziwa sayanidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu, hasara huanzia mkandani.

Chokaa ya kuzuia uasidi hudondoshwa juu ya mkanda kwa kipimo, pamoja na saruji ya kushikanisha udongo laini. Mawe tani 100 kwa saa, chokaa kilo 2 kwa tani: kilo 200 kwa saa. Rola zinazobeba mkanda zikikwama, mota inaelemewa, mzigo unapunguzwa hadi tani 60, chokaa inaendelea vilevile; kila tani inapata kilo 3.3. Usiku wanafidia kwa tani 150: kilo 1.3 tu. Hapo ndipo pabaya. Tabaka hilo la usiku pH yake (kipimo cha uasidi) ikishuka chini ya 10, sayanidi huanza kutoka kama gesi ya sumu, na dhahabu haiyeyuki ipasavyo. Saruji nayo ikipungua, udongo laini haushikani, unaziba njia za maji. Ukifukua rundo unakuta mabonge makavu kabisa ndani.

Mzani unaopima mzigo mkandani ndio uamuru kasi ya chokaa na saruji. Na beringi ya rola inayolia ibadilishwe zamu hiyohiyo, isingoje ikwame.