Kampuni tatu, shamba moja

Idadi ya kampuni za kilimo si idadi ya mashamba. Kila takwimu za sensa ya kilimo zikitoka, kuna anayefungua sajili ya kampuni, akahesabu majina, akagawa hekta kwa majina hayo, kisha akatangaza kwamba mashamba makubwa yamepungua. Inachosha, kwa sababu ufafanuzi wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hauna fumbo: shamba ni kitengo cha uzalishaji kilicho chini ya usimamizi mmoja, bila kujali hati, sura ya kisheria wala ukubwa.

Chukua familia yenye hekta 900. Inafungua kampuni tatu: moja inashika ardhi, nyingine matrekta na wafanyakazi, ya tatu inauza mazao. Dodoso likifika, ya kwanza inajibu, "Hatulimi, tunakodisha." Ya pili, "Hatuna ardhi." Ya tatu, "Sisi tunauza tu." Wote wamesema kweli, na shamba zima limepotea.

Au ardhi yenyewe igawanywe, kila kampuni hekta 300. Liweke shamba hilo pamoja na mengine tisa ya hekta 20: wastani ulikuwa hekta 108, sasa unasomeka 90. Shamba kubwa kuliko yote, lililokuwa na asilimia 83 ya ardhi, linaonekana kuwa na 28. Shambani hakijabadilika kitu, trekta ni lilelile.

Wala kampuni si kinyume cha familia. Marekani, kampuni nyingi za kilimo ni za familia.

Ili kuunganisha kampuni za shamba moja, linganisha namba ya mlipakodi, anwani, simu na wakurugenzi. Simu peke yake isikudanganye: mara nyingi ni ya mhasibu anayehudumia wateja kumi wasiojuana. Kisha uliza nani anachagua mbegu, nani anaidhinisha mbolea, na hasara ikitokea inamwangukia nani.

Penye ugumu hasa ni kampuni mama yenye mashamba manne, kila moja na meneja wake, bajeti ikitoka makao makuu. Hapo ufafanuzi haukati shauri, na wataalamu wawili makini wanaweza kutofautiana. Mimi huandika vitengo vinne ikiwa meneja ndiye anayechagua zao, kimoja ikiwa anatekeleza ratiba aliyoletewa. Sababu naiandika kwenye sajili, ili mdadisi wa sensa ijayo aikute.