Je, samaki aliyenaswa na ndoana ni lazima afe?

Katika mialo ya Mwanza, vijana wanapofundishwa kuvua kwa ndoana kama mchezo na kumrudisha samaki ziwani, watu wengi hudai kuwa hiyo ni kazi bure, kwa sababu samaki aliyekwisha kunaswa atakufa tu. Si kweli. Sato aliyenaswa mdomoni, akatolewa ndoana upesi na kurudishwa majini, kwa kawaida huishi. Anayedhurika zaidi ni yule aliyeimeza hadi tumboni, na kwa huyo ni heri kukata mshipi karibu na mdomo kuliko kuuvuta. Mara nyingi kinachomwangamiza ni mikono yetu: kiganja kikavu, au mwamba uliopata moto wa jua, hubandua ule ute unaomkinga samaki na maradhi, ndiyo maana kijana hufundishwa kulowesha mikono kwanza, na kabla ya kuvua akibane kijino cha ndoana kwa koleo ili ichomoke bila kurarua. Sangara aliyevutwa kutoka kina kirefu ni habari nyingine, kwani kibofu chake cha hewa huvimba. Lakini sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kisheria kuvuliwa, na anayemnasa kwa bahati mbaya hana budi kujua namna ya kumwachia akiwa hai.