Uhifadhi wa kiasi: mtoto anapoona maji "yameongezeka"

Mimina maji mililita 200 katika kila moja ya glasi mbili zinazofanana. Mtoto wa miaka 5 akishakubali kwamba yanalingana, mwaga ya glasi moja kwenye chombo chembamba kirefu, akitazama. Sasa muulize wapi maji ni mengi. Watoto wengi wa umri huo huonyesha chombo kirefu. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi (1896–1980), aliuita uelewa wanaoukosa uhifadhi: kujua kwamba kiasi hakibadiliki kwa sababu tu umbo limebadilika.

Mtoto huyu si mjinga. Kimo kimemteka macho, upana ukamponyoka. Karibu na miaka 7 huanza kuvishika vyote viwili, na hapo utasikia sababu: "Hukuongeza kitu," "Ni kirefu lakini ni chembamba," "Ukiyarudisha yatakuwa vilevile." Sababu ndiyo kipimo, kwa hiyo usikose kuuliza, "Umejuaje?" Tena uelewa huu hauji wote kwa mpigo. Piaget aliona uhifadhi wa uzito ukifika miaka 9 au 10, na wa ujazo, yaani nafasi ambayo kitu huchukua, miaka 11 au 12.

Mara nyingi anayeharibu jaribio ni mtu mzima. Ukirudia swali lile lile baada ya kumwaga, mtoto hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, akalibadilisha. Hapa Kisumu kuna mtego mwingine, na huu unaniudhi kwa vile ni rahisi kuukwepa: neno "sawa". Ukiuliza, "Maji ni sawa?" mtoto ataitikia "sawa" kama anavyoitikia akitumwa dukani. Sema "yanalingana", au tumia Kijaluo au Kiluhya anachozungumza nyumbani. Usiulize pia "ipi ni kubwa?", kwani atajibu kuhusu chombo, si maji.

Mazoea nayo yana uzito. Utafiti wa Mexico wa mwaka 1969 ulikuta watoto wa wafinyanzi wakielewa uhifadhi wa udongo vizuri kuliko wenzao. Senegal, mwanasaikolojia Patricia Greenfield aliona watoto wakifanya vizuri zaidi walipomimina wenyewe. Mtu mzima akimimina, baadhi yao walidhani ni yeye aliyeyageuza maji. Basi mpe mtoto chombo mkononi. Kwa anayeshinda na mamake soko la Kibuye, anza na mahindi: gorogoro (kopo la kupimia nafaka) mbili zilizojaa, moja aimwage mwenyewe kwenye karai.