Shilingi ikitoka Hazina haijafika mtaani bado

Kila bajeti ikisomwa Dodoma mwezi wa sita naulizwa swali lile lile, na safari hii nimeona bora niandike mara moja nimalize. Swali lenyewe ni hili: serikali inamwaga matrilioni kwenye miradi mikubwa, mbona mtaani hela hakuna? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu, zimeliwa. Na kuna kundi la pili linakuja kumjibu kwa kujiamini kabisa, kwamba tulieni, miradi mikubwa ndo inachangamsha uchumi, mzunguko unakuja. Nawaheshimu wote ila wote wanasimama kwenye imani moja ambayo sio kweli, kwamba hela ikishaandikwa kwenye bajeti basi imeingia kwenye mzunguko. Kazi yangu ni kusoma vitabu vya bajeti na taarifa za utekelezaji, na hii imani inanichosha kwa sababu inatuzuia kuuliza maswali ya maana.

Tuanze na kipindi tunachokikumbuka wote, 2016 mpaka 2018, enzi za vyuma vimekaza. Reli ya SGR Dar hadi Morogoro ilianza kujengwa 2017, ndege zinanunuliwa, Desemba 2018 mkataba wa Bwawa la Nyerere la kufua umeme ukasainiwa na makampuni ya Misri. Kama kutumia hela nyingi peke yake kunachangamsha uchumi basi ile ndo ilitakiwa iwe miaka ya neema kariakoo nzima. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa 2016 amana za mashirika ya umma zilianza kuhamishwa kutoka benki za biashara kwenda BoT, yaani Benki Kuu, benki zikabaki na ukwasi mdogo, yaani hela kidogo ya kukopesha, na mikopo chechefu isiyolipika juu yake, ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi uliokuwa zaidi ya asilimia 20 mwaka 2015 ukaporomoka hadi chini ya asilimia 5 mwaka 2017. BoT wenyewe waliona, ndo maana 2017 walishusha riba wanayozikopesha benki kutoka asilimia 16 kwenda 12 mwezi Machi na kisha 9 mwezi Agosti. Yaani mkono mmoja unajenga reli, mkono mwingine umekausha benki. Ukipigia hesabu mkono mmoja tu utashangaa miaka yote.

Halafu hiyo hela ya reli yenyewe inaenda wapi? Mkandarasi wa kipande cha Dar-Morogoro ni Yapi Merkezi wa Uturuki, treni za umeme zimetoka Hyundai Rotem Korea Kusini, na Februari 2020 serikali ikasaini mkopo wa dola bilioni 1.46 kupitia Standard Chartered kwa ajili ya reli hiyo. Sehemu kubwa ya mkopo wa namna hii inaingia kwa dola na kutoka kwa dola, inalipa mitambo, reli, mifumo ya ishara, wataalamu. Kinachobaki huku ni vibarua, kokoto, saruji, ulinzi, chakula cha kambini, mafuta ya kuendeshea magari ambayo nayo tumeagiza. Sio kidogo, waulize wa Kilosa ambako reli inapita, ila sio matrilioni yale unayoyasikia kwenye taarifa ya habari.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo napokosaga uvumilivu. SIJASEMA reli ni mbaya. Mradi unaweza kuwa na mchango mdogo sana kwenye mzunguko wakati unajengwa na ukawa na faida kubwa ukiisha, na kinyume chake pia. Bwawa la Nyerere ni mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, umeme huo unamsaidia mwenye kiwanda na mwenye saluni kwa miongo mingi, hata kama shilingi nyingi za ujenzi hazikupita mtaani kwake. Mtu anayetetea bwawa kwa kusema lilileta ajira anatumia hoja dhaifu kuliko hoja zote alizonazo, na anayelipinga kwa kusema mtaani hatukuona hela anapima kitu ambacho bwawa halikujengwa kukifanya. Haya ni maswali mawili, mradi unafanya nini ukiwa unajengwa na unafanya nini ukiisha, msiyachanganye.

Kitu cha pili, na hiki ndo kinaumiza watu kimya kimya, ni malimbikizo, yaani madeni ya serikali kwa kazi zilizokwishafanyika. Pato la taifa linahesabu kazi ilipofanyika, haliangalii fundi kalipwa lini. Mkandarasi mzawa akimwaga lami kilomita kumi mwaka huu, ile lami imeingia kwenye ukuaji wa sekta ya ujenzi mwaka huu huu. Lakini hati yake ya malipo inaenda kwa mhandisi mshauri, inahakikiwa, inaenda taasisi, inaenda wizarani, inafika Hazina inasubiri. Inaweza kukaa mwaka, na ipo inayokaa zaidi. Huku nyuma yeye ameshakopa benki kulipa mafuta na mishahara, riba inatembea, amechukua nondo na kokoto kwa mali kauli, mwenye duka la vifaa naye anadaiwa na msambazaji wake, vibarua wamelipwa nusu, mama ntilie wa saiti ana daftari limejaa majina. Kwenye takwimu uchumi umekua. Kwenye maisha ya hao wote serikali haijamwaga chochote, imewakopa wao, bila mkataba, bila riba kwa walio wengi, na bila kuwauliza. Mkandarasi mkubwa wa nje ana kipengele cha riba kwenye mkataba na ana wanasheria, ndo maana ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikitaja riba tunazolipa kwa kuchelewesha malipo ya makandarasi. Mwenye duka la vifaa Singida hana kipengele chochote. Ongeza na marejesho ya VAT yanayocheleweshwa, hadithi ni ile ile.

Kwa hiyo mtu akisema takwimu za ukuaji ni za kupikwa kwa sababu mfukoni hana kitu, namwambia haihitaji kupikwa, njia ya kuhesabu yenyewe inatosha kuleta hiyo tofauti. Ni kweli kwamba kwa mwaka 2018 serikali ilisema asilimia 7 na Benki ya Dunia ikakadiria 5.2, huo ni mjadala halali na ulikuwa mkali. Ila hata ile 5.2 ingekuwa na watu wengi wasiolipwa ndani yake.

Linganisha na madarasa ya 2021. IMF waliidhinisha dola milioni 567.25 mwezi Septemba, ikawa shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama, milioni 20 kila darasa, ili watoto wa kidato cha kwanza waingie Januari 2022. Hela ilishuka hadi ngazi ya shule, kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, kamati inanunua yenyewe na fundi ni wa hapo hapo. Saruji ya ndani, mbao za ndani, fundi anakula kijijini kwake, anamlipia mtoto sare, anaezeka nyumba yake. Na muda ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakukuwa na nafasi ya kulimbikiza madeni kama kawaida yetu. Kwa shilingi moja moja, mimi naamini ule mradi ulifika mtaani kuliko kilomita yoyote ya reli.

Lakini hata pale kulikuwa na ukuta. Kila kata nchi nzima inatafuta saruji, nondo, bati na fundi ndani ya wiki zile zile. Nadharia ya kizidishi, yaani shilingi moja ya serikali inazaa shilingi ngapi kwenye uchumi, aliyoianzisha Richard Kahn mwaka 1931 ilizaliwa Uingereza yenye viwanda vimelala na mafundi wamekaa bila kazi, ukiweka hela vinaamka. Kwetu watu wasio na kazi ya kueleweka ni wengi mno, ila fundi mzuri wa kuchomelea sio wengi, mashine ya kusaga kokoto sio nyingi, dola za kuagizia vipuri ndo kabisa. Ukimwaga hela nyingi kwa mkupuo pale penye uhaba, sehemu yake inaishia kwenye bei, na anayejenga chumba chake kimoja kwa kudunduliza anailipa hiyo bei pia.

Kizidishi chetu ni ngapi basi? Anayekupa namba moja kwa kujiamini mkimbie. Utafiti wa Ilzetzki, Mendoza na Végh uliochapishwa 2013 ulikuta nchi zinazoendelea zina vizidishi vidogo kuliko tajiri, na zenye madeni makubwa kinaweza kuwa sifuri au hata chini ya hapo. Halafu nenda Siaya, Kenya, ambako kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takribani dola 1,000 kila moja, watafiti wakafuatilia vijiji 653, wakapata kizidishi kama 2.5 na bei karibu hazikusogea. Mbingu na ardhi. Mimi nauamini ule wa Siaya, umefanywa kwa umakini mkubwa, ila hela ilikuwa ya wafadhili, hakuna aliyekatwa kodi wala hatifungani, ile hati ya serikali kukopa, iliyouzwa kuipata. Serikali ikitaka kufanya hivyo hivyo nchi nzima lazima itoe hela mahali, na ikikopa ndani kwa hatifungani za miaka 20 na 25 benki inaona afadhali iikopeshe serikali ilale usingizi kuliko kumkopesha mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa. Kiasi gani cha faida kinaliwa na hilo? Hapo fani yetu haina jibu la kuaminika kwa nchi kama yetu, na vitabu vya chuo vinapita haraka sana.

Ndo maana bajeti ya 2025/26 iliposomwa ya trilioni 56.49 na watu wakaanza kubishana kama ni kubwa sana au ndogo, mimi nilikuwa natafuta fungu la kulipa madeni yaliyohakikiwa. Shilingi ya kulipa mzabuni wa ndani aliyeshafanya kazi haihitaji mtambo kutoka nje, haihitaji upembuzi yakinifu, haisubiri msimu wa mvua uishe, na ikifika inafuta madeni kwenye madaftari ya watu watano sita kwa mpigo. Ningepewa kuchagua kati ya kuzindua mradi mpya na kusafisha malimbikizo ningesafisha malimbikizo kwanza, kisha kila robo mwaka nibandike hadharani nani anadaiwa na nani, fungu gani, na deni lina umri wa miezi mingapi, mpaka yule mwenye duka la vifaa Singida ajue yuko foleni namba ngapi.