Infante João wa Ureno: wafuate mabinti

Michoro mingi ya Avis, ukoo wa kifalme wa Ureno, hulikata tawi la Infante (yaani mtoto wa mfalme) João mwaka 1443. Mwaka huo alifariki Diogo, mwanawe wa kiume pekee, bila kuacha mtoto. Mchoraji hupiga mstari na kurukia kwa Henrique, yule wa safari za baharini, ambaye hata kuoa hakuoa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana damu ya João ilipitia kwa mabinti ikafika kwenye viti viwili vya enzi, cha Castilla (ufalme ulio sehemu ya Hispania ya leo) na cha Ureno.

Tuanze na tarehe. João alizaliwa Santarém Januari 1400, mtoto wa Mfalme João wa Kwanza na Philippa wa Lancaster. Hadi 1422 Ureno ilihesabu miaka kwa Era ya Kaisari, iliyotangulia hesabu yetu kwa miaka 38, kwa hiyo kwenye hati za wakati ule 1400 husomeka 1438. Usipotoa hiyo 38, utampata mtoto aliyezaliwa mwaka ambao kaka yake, Mfalme Duarte, alikuwa anazikwa.

Mwaka 1418 baba yake alimkabidhi Shirika la Santiago, shirika la mashujaa waliokula kiapo cha kidini. Shirika hilo lilimiliki ngome ya Palmela, Setúbal, Alcácer do Sal na mji mdogo wa bandari, Sines. Ukubwa wa João ulitegemea mapato hayo. Mwaka 1431 akaongezewa ukuu wa majeshi ya ufalme, cheo kilichoachwa na Nuno Álvares Pereira.

Mkewe, waliyeoana 1424, alikuwa Isabel wa Barcelos, mjukuu wa huyo Nuno. Baba yake Isabel ni Afonso, mtoto wa mfalme aliyezaliwa nje ya ndoa. Kwa maneno mengine, João alimwoa binti wa kaka yake wa upande wa baba. Kwetu jambo hilo halizungumziki. Huko lilihitaji ruhusa ya Papa, na faida yake ilikuwa kuunganisha mali ya Nuno na nyumba ya mfalme.

João alifariki Oktoba 1442, na Diogo akamfuata mwaka uliofuata. Ukuu wa majeshi ukabaki wazi. Pedro, kaka yake João aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme mtoto, akampa mwanawe mwenyewe. Shemeji yake João, bwana wa Ourém, alijiona ndiye mwenye haki, kwa kuwa naye alikuwa mjukuu wa Nuno. Kinyongo hicho hakikuwa sababu pekee ya vita vya Alfarrobeira vya Mei 1449, alipouawa Pedro, lakini bila vifo vya João na mwanawe kisingepata mlango wa kuingilia.

Sasa mabinti. Filipa alifariki angali mdogo. Isabel aliolewa 1447 na Juan wa Pili wa Castilla, akamzaa Isabel Mkatoliki, malkia wa Castilla. Hapa majina huchanganya hata waliozoea, kwa hiyo andika mwaka wa kuzaliwa kando ya kila Isabel: dada yake João ni wa 1397, mkewe 1402, binti 1428, mjukuu 1451, kitukuu 1470. Huyo wa mwisho aliolewa 1497 na Manuel wa Ureno, naye Manuel ni mjukuu wa João kupitia Beatriz. Mjukuu kaoa kitukuu, ruhusa ya Papa tena.

Beatriz ndiye wa kutazamwa zaidi. Aliolewa na Fernando, Duke wa Viseu. Mwanawe Diogo (si yule wa 1443) aliuawa 1484 kwa mkono wa Mfalme João wa Pili mwenyewe, ambaye alikuwa mume wa Leonor, binti wa Beatriz. Mrithi halali wa mfalme alipofariki 1491 baada ya kuanguka na farasi, njia ikamfungukia Manuel, akatawazwa 1495 mama yake akiwa hai.

Fernando alikuwa na mtumishi aitwaye Estêvão da Gama, mkuu wa ngome ya Sines, ule mji wa Santiago. Mwanawe Vasco, naye shujaa wa Santiago, ndiye aliyetumwa na Manuel 1497, akafika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Miaka saba baadaye Manuel huyohuyo alimtuma Francisco de Almeida, na merikebu zake zikaivamia Kilwa kisha Mombasa.